Kimo cha Jukwaa

Igogo, Mwanza
8 Septemba 2024

Kaka Yahaya,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Suzana. Sisi huku hatujambo. Presha ya Mama imetulia tangu aache chumvi, ingawa anaiacha akiwa mbele yetu tu. Kwa jirani anakula dagaa wa kukaanga, anarudi anajifuta mdomo na kanga. Baba mdogo amehamia Buzuruga karibu na stendi, anasema kelele za mabasi zinamletea usingizi. Mvua bado. Mafundi wa reli mpya wanapasua mawe kule juu mchana kutwa, vumbi linatua kwenye nguo nilizokwisha piga pasi.

Kazi yangu inakwenda. Mwezi huu nashona sare za shule mbili. Cherehani changu kimefungwa mota, sihitaji tena kuzungusha kwa mkono.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Kaka, kwenye simu sisi wawili hatuelewani. Nikianza sentensi unaimalizia wewe, halafu unasema uko kazini. Karatasi haikatizwi na mtu.

Nina swali. Mama anawaambia watu kwamba wewe ni mkubwa wa reli huko Uingereza. Mimi najua kwamba kazi yako ni kuwapandisha kwenye treni watu wasiotembea, watu kama mimi. Miaka yote hiyo hujawahi kunieleza inavyofanyika. Nieleze. Mtu mwenye kiti mwendo anafikaje ndani ya behewa? Nani anamshika, na wapi? Nataka kujua kila kitu.

Msalimie wifi.

Mdogo wako,
Sihaba


Yorkshire, Uingereza
6 Oktoba 2024

Mdogo wangu Sihaba,

Waaleikum salaam, na marahaba. Barua yako imefika. Nimefurahi kuona mwandiko wako haujabadilika tangu nilipokuwa nakubeba mgongoni kwenda shule. Mwambie Mama kwamba dagaa wa jirani nao wana chumvi. Mimi sijambo. Baridi imeanza na majani yameanguka juu ya reli. Huku majani yakianguka treni zinachelewa, na hakuna anayecheka akikwambia hivyo.

Umeuliza swali zuri. Abiria wa kiti mwendo anatakiwa kutoa taarifa kabla ya siku ya safari. Anasema anatoka wapi, anakwenda wapi, anapanda treni gani. Jina lake linaingia kwenye simu yangu ya kazi. Siku yenyewe anafika mapema. Mimi nachukua ubao wa kupandia, ambao ni wa madini mepesi na unakunjika katikati, nauweka kutoka jukwaani hadi kwenye mlango wa behewa. Anapita juu yake. Akishaingia, nampigia mwenzangu wa stesheni anakoshukia, namwambia ni behewa lipi, mlango upi. Naye anamngoja na ubao wake.

Ubao unahitajika kwa sababu majukwaa mengi ya huku hayalingani na treni. Mengine yako chini, mengine yamepinda, yalijengwa zamani sana. Waingereza ndio waliofikisha reli Mwanza, na kumbe walichosahau kwetu walikisahau na kwao.

Lakini ujue jambo moja: huku mtu hanyanyuliwi kama gunia la pamba. Mkono wa mtu haukugusi kama hujauomba. Insha'Allah siku moja nitakuleta uone mwenyewe. Kwa sasa tulia nyumbani. Ile milango mipana na sakafu isiyo na vizingiti niliyokujengea, hata huku wengi hawana.

Kaka yako,
Yahaya


Igogo
17 Novemba 2024

Kaka Yahaya,

Assalaam aleikum. Shikamoo. Mama anakusalimu, na anasema salamu za wifi hazikuwemo kwenye barua. Nimemwambia umesahau. Vuli imeanza kwa fujo, maji yamepita hadi barabarani. Baba mdogo amepata mafua ya ndege. Ndivyo anavyodai mwenyewe, mimi naona ni mafua ya kawaida.

Asante kwa maelezo. Nimeyasoma mara nyingi. Sasa nikwambie sababu ya kuuliza.

Kuna mtu anaitwa Nurdin. Ni fundi wa vyerehani, duka lake liko Tabora mjini. Alikuwa anakuja Mwanza kufuata vipuri, siku moja akaja kutengeneza mashine yangu. Ile mota aliifunga yeye. Baada ya hapo mashine yangu ilianza kuharibika mara kwa mara bila sababu, nikajua haiharibiki. Mke wake wa kwanza alifariki, Mungu amrehemu. Ana miaka arobaini na kidogo. Anaongea taratibu, na nikinyamaza hasemi neno kujaza ukimya. Amemleta mjomba wake kwa Mama kuniposa. Mama amekubali. Baba mdogo amekubali. Mimi nilikubali kabla yao wote.

Sheikh wa msikiti wetu anasema baba akiwa hayupo, walii wangu ni wewe. Bila idhini yako hawezi kufungisha ndoa. Ukishindwa kuja, unaweza kumpa Baba mdogo uwakala, kwa maandishi au kwa sauti yako mwenyewe.

Nitahamia Tabora. Nurdin amekwisha nitafutia chumba cha mbele cha duka, nitashonea hapo.

Naomba idhini yako, kaka. Tungependa iwe baada ya Idi.

Sihaba


Yorkshire
19 Januari 2025

Mdogo wangu Sihaba,

Waaleikum salaam. Marahaba. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Hapa kati theluji ilianguka, na kazi ikawa nyingi. Theluji ikiingia kwenye matairi ya kiti inaganda, ubao unateleza, inabidi kumwaga chumvi kwenye jukwaa kabla ya treni kufika. Nilimkumbuka Mama.

Nimekuwa nikisoma habari za reli za nchi mbalimbali. Kuna nchi ambako mtu wa stesheni anampeleka abiria hadi behewani, na akifika anakokwenda anakuta mwingine amesimama mlangoni pale pale, hata dakika haipotei. Kuna nyingine zina treni za kasi kubwa, ila stesheni zao ndogo hazina lifti, kwa hiyo ukishuka mjini unaruka kama risasi, ukifika kijijini unakwama. Nimejifunza kwamba kasi si kitu. Kitu ni jukwaa.

Na ndiyo maana nina wasiwasi. Reli ya kwetu naijua. Jukwaa liko chini, behewa liko juu, katikati kuna ngazi za chuma, nyembamba. Pale hakuna ubao, kuna watu. Watu wana haraka, na wana mikono ya kila namna. Utakwendaje Tabora? Ukiwa huko, ukitaka kumwona Mama, utarudije? Kwa basi ndiyo usiseme kabisa.

Stesheni mpya ya Mwanza inajengwa. Nimeona picha kwenye mtandao. Jukwaa lake litalingana na mlango wa treni. Ikikamilika, utakwenda unakotaka na kurudi utakapo. Subiri kidogo.

Kuhusu huyo bwana, tutazungumza.

Yahaya


Igogo
23 Februari 2025

Kaka Yahaya,

Assalaam aleikum. Shikamoo. Mama hajambo. Alikupigia simu mara kadhaa wiki iliyopita, ikaita ikakata. Nimemwambia uko kwenye theluji.

Umeuliza nitakwendaje Tabora. Nimekwenda na nimerudi. Nilifuatana na Mama, maana mama yake Nurdin anaishi Morogoro na alitaka kutuona. Nikuelezee nilivyosafiri, kwa vile habari za reli unazipenda.

Stesheni ya Mwanza walikuja wabeba mizigo wawili. Mmoja akamwuliza Mama, "Huyu tunambebaje?" Mama akamjibu, "Muulize mwenyewe, ana mdomo kuliko mimi." Nikawaambia mmoja ashike mbele chini ya fremu, mwingine nyuma, na wasishike magurudumu kwa sababu yanazunguka. Abiria mmoja akashuka kusaidia bila kuitwa. Wakanipandisha. Kijana wa kule nyuma alikuwa amekula vitunguu, lakini mikono yake ilikuwa imara. Nilikaa karibu na dirisha. Fela, Malya, Malampaka, Shinyanga, nchi ilikuwa ya kijani mpaka inaumiza macho. Kila stesheni Mama alinunua kitu: karanga, michembe ya viazi vikavu, kuku wa kienyeji akiwa hai. Kuku huyo alisafiri nasi hadi Tabora chini ya kiti.

Tabora sikushuka vizuri. Mtu mmoja mwenye haraka alishika gurudumu, likazunguka, nikaegemea upande nikaanguka. Kiwiko kiligonga ngazi. Nakwambia mwenyewe ili usije ukasikia kwa Mama akaongeza damu ambayo haikuwepo. Watu walipiga kelele, kila mmoja anataka kuninyanyua. Nurdin alikuwa pale. Alichuchumaa akaniuliza, "Nikupe mkono, au nikuletee kiti kwanza?" Nikasema kiti. Akaleta kiti, akakishika kisiondoke, nikapanda mwenyewe. Hivyo tu.

Tulifika Dodoma kwa reli ya zamani, halafu tukapanda treni ya mwendokasi kwenda Morogoro. Kaka, nilipanda lifti. Nikatoka kwenye jukwaa, mlango wa treni ukafunguka, na sakafu ilikuwa pale pale mbele yangu. Kulikuwa na mwanya mdogo, nikanyanyua tairi la mbele kidogo nikapita. Binti mwenye sare akaniomba tiketi, akaitazama, akaenda kwa abiria mwingine. Nilikaa nikiona kuna kitu kimepungua, sikijui. Baadaye nikakijua. Tangu nizaliwe, nikipanda chombo nimezoea kusema asante, asanteni, Mungu awabariki. Safari hii hapakuwa na wa kushukuru. Nilinyamaza kama watu wengine, nikatazama nje.

Mama yake Nurdin aliniangalia muda mrefu. Akauliza, "Unaswali vipi?" Nikasema, "Nimekaa." "Na kupika?" "Nimekaa." "Kufua?" "Nimekaa, mama." Akasema, "Mimi miguu ninayo, na siku hizi yote hayo nayafanya nimekaa." Akaagiza chai.

Kwa hiyo nimeona jukwaa la chini na nimeona la juu. La juu ni zuri zaidi, sibishi. Lakini sitangoja lijengwe ndipo niolewe. Na ile nyumba yako ya milango mipana, kaka, ni nyumba nzuri. Kuna siku nazunguka humo kutoka ukutani hadi ukutani, halafu naanza tena.

Kuhusu wifi, kila barua namtaja na wewe humtaji. Sitamtaja tena.

Naomba idhini yako.

Sihaba


Igogo
6 Aprili 2025

Kaka Yahaya,

Idi njema. Tulipika pilau, Mama akala chumvi hadharani kwa kisingizio cha sikukuu.

Idi imepita na jibu lako halijaja. Baba mdogo amekwenda kwa sheikh. Sheikh amesema walii akinyamaza bila sababu ya dini, kuna njia, yeye au Baba mdogo anaweza kusimama mahali pake. Baba mdogo yuko tayari, amekwisha shona kanzu.

Mimi nimekataa. Nimewaambia wasubiri mpaka Julai. Nurdin amesema sawa. Mjomba wake hajasema sawa.

Sikukataa kwa sababu nakuogopa.

Sihaba


Yorkshire
11 Mei 2025

Mdogo wangu Sihaba,

Waaleikum salaam. Marahaba. Idi ilipita nikiwa zamu.

Barua zako zote mbili ninazo hapa mezani. Ile ya Februari niliisoma nikakasirika kuhusu kiwiko, nikaandika majibu, nikayachana. Nikaandika mengine, nayo nikayachana. Kisha kulitokea mambo mawili, nitakueleza.

La kwanza. Kuna mama mmoja mtu mzima, abiria wetu wa siku nyingi, jina lake Hellen. Anatumia kiti mwendo. Kila wiki anakwenda kumwona ndugu yake mji wa pili. Mimi ndiye ninayemwekea ubao, tunafahamiana. Siku moja treni ilichelewa, tukawa tunangoja jukwaani. Nikamweleza habari zako. Nilimweleza kuhusu nyumba, milango, jinsi ninavyokutunza, na jinsi ninavyokuzuia usiende kuumizwa na ngazi. Kusema kweli nilitarajia anisifu.

Akaniuliza, "Huyo dada yako alikupa taarifa lini?"

Nikasema mwezi wa kumi na moja.

Akasema, "Mimi natoa taarifa siku moja kabla. Usipotokea na huo ubao, nabaki hapa jukwaani nikiangalia treni inaondoka. Imewahi kunitokea, si kwako, stesheni nyingine. Watu waliniomba radhi vizuri sana. Walinipa na kikombe cha chai. Lakini treni ilikuwa imeondoka." Kisha akasema, "Yeye ametoa taarifa, amefika mapema, amekaa anangoja. Sasa mwenye ubao yuko wapi?"

Treni ikaja. Nikaweka ubao. Akapita bila kunitazama.

La pili. Wakati wa likizo ya Pasaka nilikwenda Uholanzi kwa Shimba, yule tuliyesoma naye Nyamagana. Nilisafiri kwa treni moja kwa moja, inapita chini ya bahari, humo ndani hujui kama uko chini ya bahari au chini ya Kisesa ya kwetu. Kule nikapanda zile treni zao mpya za miji midogo. Nilisimama stesheni moja nikazitazama makusudi, treni baada ya treni, mpaka Shimba akaniuliza kama nimepotelewa na kitu. Mlango unafunguka, kibao kidogo kinatoka chenyewe chini ya mlango, kinafunika mwanya. Akaja msichana kwenye kiti mwendo anaongea na simu. Hakupunguza mwendo. Akaingia anaendelea kuongea.

Nikatafuta mtu wa kazi yangu jukwaani. Hakuwepo. Haikuhitajika awepo.

Ningepaswa kufurahi. Nilifurahi kidogo. Lakini nilijiuliza: mahali ambapo hawanihitaji, mimi ni nani? Sihaba, nimekaa huku miaka hii yote nikijiambia kwamba niko huku kwa ajili yako. Baridi nilivumilia kwa ajili yako, nyumba ni kwa ajili yako. Ni sababu nzuri, mtu akiniuliza namjibu haraka. Sikujiuliza kama wewe uliniagiza.

Mwambie sheikh kwamba nimeridhia. Lakini Baba mdogo asisimame mahali pangu, kanzu yake ataivaa akiwa mgeni. Nimeomba likizo Julai. Nakuja kusema kwa mdomo wangu.

Nakuja peke yangu.

Yahaya


Ndani ya treni, baada ya Tabora
27 Julai 2025

Mdogo wangu Sihaba,

Assalaam aleikum. Ni saa chache tu tangu tuagane na tayari nakuandikia. Treni inatikisika, usishangae mwandiko. Nitaiposti Dar kabla ya kupanda ndege.

Salamu hazina haja, wote nimetoka kuwaona. Lakini kuna mambo mdomoni hayakutoka. Ulisema mwenyewe, karatasi haikatizwi.

Habari za Suzana nilimwambia Mama siku ile ya pili, jikoni, alipokuwa anachambua mchele. Nilimwambia tuliachana mwaka juzi, kwamba hakuna ugomvi uliobaki, kwamba sikusema kwa sababu nilizoea kuwa mtu ambaye mambo yake ni mazuri. Mama hakuinua uso. Akasema, "Nilijua. Sauti ya mtu anayekula peke yake inajulikana." Kisha akanipa ungo nimalizie mchele. Nadhani alikwambia. Kama hakukwambia, nimekwambia mimi.

Siku ya nikahi, sheikh aliponiuliza, nilijibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, Baba mdogo akashtuka. Watu walicheka. Mimi sikuwa natania. Nilikuwa nimeyakalia maneno hayo tangu Novemba, yakatoka yote kwa pamoja.

Kisha ile safari yetu ya kukupeleka Tabora. Nataka kuandika kuhusu kupanda. Pale stesheni Mwanza, nilipoona ngazi zile, mikono yangu ilitafuta ubao. Nakwambia ukweli, niligeuka kuangalia ukutani kama kuna ubao umeegemezwa. Kazi yangu nimeifanya miaka mingi, nina vyeti, nina koti la kung'aa, na sijawahi kumnyanyua mtu hata mmoja. Tumekatazwa. Nilisimama tu. Nurdin kashika nyuma, mbeba mizigo kashika upande, na wewe ukaniambia, "Kaka, mbele pako wazi." Nikashika. Ukasema, "Hapo pa kuwekea mguu patang'oka, shika fremu. Chini. Chini zaidi. Sasa." Ukahesabu mwenyewe, tukanyanyua. Ulikuwa mzito kuliko nilivyokukumbuka. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa nikiwa kazini. Wewe ulikuwa unafunga kilemba chako ambacho kilikuwa kimelegea.

Nilikuwa nimekuandikia kwamba huku kwetu hakuna ubao, kuna watu, nikaandika kama ni kasoro. Bado naona ni kasoro. Mtu asingoje wanaume watatu ndipo amwone mama yake. Stesheni mpya ikikamilika nitafurahi kwa moyo wote, na mtu akija kuniambia kwamba kubebana ni upendo nitamwambia akae yeye kwenye kiti kwanza. Lakini sitasema tena kwamba hapawezekani kupita. Umepita mbele ya macho yangu.

Nurdin ni mtu mzuri. Siku zile nilizokaa kwenu nilimchunguza, nadhani alijua, akaniacha nichunguze. Asubuhi moja dukani ulidondosha mkasi. Yeye alikuwa karibu, mkasi uko miguuni pake. Hakuuokota. Nilikasirika, nikainuka niuokote. Akanitikisia kichwa. Wewe ukauvuta kwa ile fimbo yako yenye sumaku, ukaendelea kukata kitambaa, wala hukujua kwamba wanaume wawili walikuwa wametazamana. Baadaye nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Nilikuwa naokota. Akaniambia nikimwokotea kila kitu, siku nisipokuwepo vitu vitabaki chini."

Leo umenisindikiza stesheni. Nurdin alitaka kuja, ukamwambia abaki kwa sababu kuna mteja wa saa nne. Barabara ile ina mashimo, nikataka kukusukuma. Nikakumbuka, nikaweka mikono mfukoni. Tulikwenda hivyo, wewe mbele kidogo, unaniambia bei ya vitambaa Tabora na Mwanza, unalalamika uzi wa huku unakatika. Jukwaani ukanipa mfuko wa asali na kuniambia nisiuweke juu, utavuja. Ukasema, "Haya kaka, safari njema. Ukifika andika." Nikapanda zile ngazi mwenyewe, na begi langu.

Nilipata kiti, nikasukuma watu, nikafungua dirisha ili nikupungie mkono. Nilikuwa nimejiandaa. Miaka yote ninapoondoka, wewe unakaa pale ulipoachwa mpaka niishie, na mimi napunga mpaka nisikuone. Nimezoea kuondoka hivyo.

Dirisha lilikuwa gumu, likachukua muda. Nilipotoa kichwa nje, treni ilikuwa bado haijaanza kwenda. Nikakutafuta pale nilipokuacha. Palikuwa na mama wa ndizi. Nikatazama huku na huku, nikaona mgongo wako kwenye lango la kutokea, unazunguka shimo, unamwambia mtu wa toroli akupishe. Akakupisha. Ukakata kona kuelekea mjini bila kugeuka nyuma, kwa haraka, maana mteja wako alikuwa wa saa nne.

Kaka yako,
Yahaya